Siku Nilipomwanika Zuhura

Mwanangu, kuna Ijumaa moja mpaka leo nikiikumbuka mwili unanisisimka. Usinione nimekaa hapa Doha naitwa mama na kila msichana anayeshuka kwenye ndege. Na mimi nilikuwa kama wewe, simu haitoki mkononi, na jina nilikuwa nalo. Maelfu ya watu walinifuata mtandaoni. Ukinitazama sasa na haya magoti yangu huwezi kuamini, najua.

Nilikuwa nasafisha vyumba kwenye hoteli moja ya Al Sadd. Kampuni ilitupangia nyumba mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, wanawake wanne chumba kimoja, vitanda viwili vya dabo deka. Siku ya mapumziko najipamba, naenda kupiga video kwenye yale maduka makubwa, nawaonyesha watu wa nyumbani Doha ilivyo. Sikuwa nasema uongo, lakini kitanda changu sikuwahi kukionyesha.

Basi wakaanza. "Huyu anaosha vyoo vya Waarabu." "Hana pa kulala, hata hiyo nguo kaazima." Mmoja aliyeweka picha ya ua waridi ndiye alikuwa hachoki. Asubuhi ananitukana mimi, jioni anamtukana mama yangu mzazi. Nikaacha hata kula. Kwenye basi la kampuni wenzangu wanasinzia, mimi nasoma matusi. Na mdomo nilikuwa nao, usiseme! Kila tusi nalijibu, na kila nikijibu yanakuja mengine kumi.

Ijumaa hiyo, mchana, natoka dukani, yule wa ua waridi akaandika: "Kama kweli una chumba, tuonyeshe sasa hivi." Wenzake wakamuunga mkono, wakajaa kama siafu. Damu ikanipanda. Nikaenda laivu nikiwa ngazini, napanda huku naongea kwa kelele, nikausukuma mlango wa chumba chetu kwa bega.

"Haya! Kitanda changu hiki! Kabati langu hili! Semeni tena!" Nikaizungusha simu chumba kizima.

Ee Mungu wangu! Kitanda cha chini alikuwa amelala Zuhura.

Zuhura alikuwa mke wa mtu, kwao Unguja, ametoka zamu ya usiku, na hata kelele zangu hazikumwamsha. Miaka miwili nimekaa naye, na hakuna mwanamume kwenye jengo lile aliyewahi kuona hata unywele wake. Akienda kupokea chakula mlangoni anajitanda kwanza. Siku hiyo kiyoyozi kilikuwa kibovu, kajifunga kanga moja tu kifuani, nywele wazi, mapaja nje. Nilimwona kwenye simu kabla sijamwona kwa macho yangu. Nikakata. Zilikuwa sekunde nne, labda tano.

Nikadhani yameisha. Wapi! Kufika alasiri picha ilishakatwa na kusambazwa. Na sikiliza kinachonishtua mpaka leo: mimi hawakunitukana tena. Wote walinihama, wakamwendea Zuhura, mwanamke ambaye mtandaoni hakuwemo kabisa. Waliyoyaandika juu ya mwili wake siwezi kuyatamka mbele yako. Halafu mtu wa kwao akamtambua. Akaandika jina lake, na la mumewe, na mtaa wanaokaa. Waliokuwa wanacheka ni wale wale wafuasi wangu, ambao kila video nilikuwa nawaita familia.

Mkubwa wetu chumbani alikuwa Mama Atieno, wa Kisumu. Ndiye aliyemwamsha Zuhura taratibu akamweleza. Kisha akanigeukia. Hakupaza sauti.

"Neema, hao watu wa simu unawajua? Huyu ndiye alikupikia uji ukiwa mgonjwa. Sasa umemtoa huyu nje ndio hao wakuamini. Ebu niambie, ulikuwa unafikiria nini?"

Nilijua kwamba Zuhura akienda polisi nimekwisha, maana nchi hii kumpiga picha mtu bila ruhusa yake ni kesi. Nikampigia magoti.

"Polisi siendi," akasema. "Mie naogopa talaka, Neema. Nina watoto wawili kule. Nampigia mume wangu sasa hivi, na wewe utakaa hapa hapa, umwambie mwenyewe."

Akapiga. Kumbe mumewe alishaonyeshwa ile picha barazani, mbele ya watu. Zuhura alilia, akashindwa kusema, akanikabidhi simu. Nikajieleza mbio mbio. Shemeji, walinitukana. Shemeji, walimtukana mama yangu. Nilitaka tu wajue mimi si mwongo.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mke wangu namjua," akasema. "Kosa hana, na talaka haipo, mwambie alale. Lakini wewe shemeji nakuuliza. Hao uliotaka wakuamini, nitajie mmoja jina lake."

Mwanangu, nilitafuta. Nilitafuta kichwani mpaka jasho likanitoka. Mwanamke yule nililala naye chumba kimoja miaka miwili, nikamwanika kwa ajili ya watu ambao sikuweza kumtaja hata mmoja. Mumewe akaningoja. Nikamrudishia Zuhura simu yake.

Leo umekuja kwangu macho yamevimba, unaniambia wamekutukana na unataka kwenda laivu uwakomeshe. Usiende. Mwenye tusi mfungie asikuone tena, bila hata kumuaga. Kama huwezi kujizuia kusoma, basi mpe simu mtu wako akusomee yeye, mabaya ayafute. Mama Atieno alinishikia yangu mwezi mzima, na nilimchukia kwa hilo, na ndipo nikaanza kula tena. Ulie pia ukitaka, nani kakukataza? Video zako endelea nazo, zinapendeza. Lakini mtu usiyemjua huna deni naye la kumthibitishia maisha yako. Ukishaanza kumthibitishia, utamtolea hata visivyo vyako, kama nilivyofanya mimi.

Zuhura alinisamehe, akarudi kwao, na watoto wake sasa wakubwa. Ile picha haijafutika. Mwaka huu tu kuna mtu kaitoa tena, na binti yake akaiona shuleni.

Mungu akusitiri, mwanangu. Akupe moyo wa kunyamaza damu ikikupanda, na awasitiri na wote wanaolala chumba kimoja na wewe.