Kona ya Godoro

Miaka thelathini na moja nilishona magodoro katika kiwanda cha trela za kulala, vijumba vya kukokotwa na gari safarini, hapa mjini Elkhart, na kila godoro nililikata kona moja bila kuuliza kwa nini. Jana mume wangu Verlin, aliyestaafu juzi juzi, alinipeleka kuchagua trela yetu. Huku kwetu hununui bila kujilaza kwanza, basi tukavua viatu tukapanda kitandani, mimi upande wa ukutani. Kitanda kimebanwa na kuta tatu. Verlin akaanza kusinzia papo hapo.

"Verlin, nipishe nitoke."

"Pitia miguuni, mama."

Nikajikokota kwa makalio, kichwa kikigonga kabati la juu, hadi nikavuka miguu ya Verlin na kuteremkia pale penye kona iliyokatwa. Kumbe ndiyo kazi yake! Njia ya mke kwenda chooni.

Muuzaji aliyesimama mlangoni akacheka. "Kina mama wote huzoea."

"Nani kakwambia wanazoea?" nikafoka. "Wananyamaza tu!"

Verlin hakufumbua hata macho. "Tunaichukua hii," akasema.

Nikaipapasa ile kona. Mshono ulikuwa wangu, na niliushona usifumuke maisha.