Siku Nilipogandana na Mtoto wa Jirani kwa Moyo wa Karatasi

Najua wengine wenu mliiona ile video, na wengine mlicheka mpaka mkawatumia mashemeji, kwa hivyo sitajifanya kwamba si mimi. Yule mwanamume aliyeinamia beseni la saluni pale Shirere, shati limeraruka begani, ameshikana mkono na mtoto anayelia kamasi, ni mimi, Baba Imani, fundi wa mageti. Lakini video inaanzia mwishoni, watu walipokuwa wameshaanza kucheka. Kilichotangulia hakuna aliyekirekodi, na hata sasa nikikisimulia viganja vinanitoka jasho.

Ilikuwa Jumamosi ya Valentine. Mke wangu alikuwa amekwenda mjini kwenye chama cha akina mama, akaniachia Imani, wa miaka tisa, na mdogo wake Trevor, na onyo kwamba akirudi akakuta wameshinda kwenye televisheni nitamweleza vizuri. Nikaona nijitie ubaba wa kisasa, nikawaambia tutamtengenezea mama kadi. Kadi yenyewe ni rahisi (Imani alifundishwa shuleni): unakunja karatasi nyeupe, unachora kiganja cha mtoto, unakata, halafu unabandika moyo mwekundu katikati, na ukiifungua ni kama mikono miwili imeushika ule moyo. Karatasi nyekundu tulikuwa nayo, ile laini yenye mikunjo, ilibaki tulipopamba kanisa kwa harusi ya shemeji yangu.

Tatizo likawa gundi. Ile ya Imani ya shule ilikuwa imekauka chupani kama jiwe.

"Baba, tutumie obusuma," Imani akaniambia. "Mwalimu hutuambianga inashika."

"Kadi ya mama yako ibandikwe na ugali? Ndiyo iliwe na mende?" nikamjibu, nikacheka, nikaenda kwenye sanduku langu la kazi nikatoa supaglu, ile ya kichupa kidogo ambayo fundi wa viatu anabandikia soli. Ndugu zangu, hapo tu. Kama ningemsikiliza mtoto, leo msingenijua.

Tulikuwa tumemaliza kadi ya kwanza, na nzuri kweli, nilipoona msichana mdogo amesimama mlangoni, kidole mdomoni, gauni jeupe, macho yote kwenye ile karatasi nyekundu. Alikuwa wa wale wapangaji wapya wa nyumba ya mwisho kwenye ploti yetu. Mama yake nilikuwa nikimwona mgongo tu, asubuhi akitoka na mzigo wake wa nguo za mitumba kwenda kuuza sokoni.

"Huyo ni Shantel," Imani akasema. "Mwache aingie."

"Mama yako ako wapi?" nikamuuliza. Mtoto akaonyesha geti kwa kidole, basi. Nikaona si neno, ni nani atamfukuza mtoto siku kama hiyo? Nikamkalisha, nikamchorea kiganja, nikamkatia moyo.

Sasa kile kichupa kilikuwa kimeziba mdomoni. Nikakiminya, hakitoki. Nikakiminya kwa nguvu za fundi wa mageti, kikapasuka. Gundi ikamwagika juu ya moyo, ikapenya ile karatasi laini, ikanijaa kiganjani, na mimi badala ya kuacha kila kitu na kukimbilia maji nikaona kazi isiharibike, nikainua ule moyo kwa mkono wazi, nikamwambia mtoto, "Haya, nipe tano, ishike vizuri!"

Alinipa tano. Alinipa kwa moyo wote, maskini, akashindilia na kucheka, ndiyo mara ya kwanza nilimwona akicheka. Nikavuta mkono. Mkono wake ukaja na wangu.

Mwanzoni nilidhani ni mzaha wa gundi mbichi. Nikavuta tena pole pole, akaguta. Nikamwambia Imani alete maji ya uvuguvugu, tukatumbukiza mikono yetu, na ile karatasi ya mapambo (hili sikulijua) ikaanza kuvuja rangi, maji yakawa mekundu, yakamtiririkia mpaka kwenye kiwiko, yakalowesha lile gauni jeupe kifuani. Mtoto akajitazama. Akapiga ukelele ambao nadhani ulifika mpaka mjini.

"Baba, ni damu!" Imani akasema.

"Si damu, ni rangi!"

Nilijua kinachotoa gundi ile ni dawa ya kutolea rangi ya kucha, ila mke wangu hapakangi kucha, na saluni ya karibu iko kwenye njia panda, mkabala na steji ya bodaboda. Nikamwambia Imani abaki na Trevor, mlango ufungwe, na mama wa huyu mtoto akija amwambie tumekwenda saluni tunarudi sasa hivi. Kisha nikambeba mtoto kwa mkono uliobaki, nikatoka mbio.

Hebu nitazameni jinsi mngenitazama kama mngekuwa barabarani. Mwanamume wa makamo, jasho linamtoka, anakimbia na mtoto wa kike ambaye gauni lake lina madoa mekundu, na mtoto anapiga mateke na kuita bibi yake kwa kilugha, "Khukhu! Khukhu!" Mama aliyekuwa anauza maparachichi akasimama. Sikumsalimia. Nilikuwa nimeshaona mlango wa saluni, nikijiambia nikifika pale yameisha.

"Mzee, simama."

Alikuwa kijana wa bodaboda, ameegesha pikipiki mbele yangu. Nyuma yake wengine wawili, halafu watano, sijui walitoka wapi.

"Huyo mtoto ni wa nani?"

"Ni wa jirani, nampeleka hapo saluni."

"Mtoto anatoka damu unampeleka saluni?"

Ndugu zangu, hata mimi niliposikia swali lile niliona halina jibu zuri.

"Mwachilie," akasema.

"Siwezi."

Sijui kama mmewahi kutamka neno na mkaliona linavyoharibu hewa. Mama wa maparachichi akashika kichwa, akaguta, "Woi, anasema hawezi!" Watu wakaanza kutoka madukani. Nikapiga kelele kwamba ni gundi, tumegandana, nikainua mikono yetu juu waone, na nilipoinua nikamvuta mtoto ngozi, akalia kilio kipya, na matone mekundu yakaniangukia usoni. Hapo mtu akanishika shati kwa nyuma, likachanika. Yule mwenye saluni, niliyekuwa nimemkazia macho kama mtu anayezama, akafunga mlango wake kwa ndani.

"Kama ni jirani yako, mama yake anaitwa nani?" kijana wa bodaboda akaniuliza.

"Mama Shantel."

"Jina lake, mzee. Watu wana majina."

Nikafungua mdomo. Tunachota maji mfereji mmoja na yule mama, na sikuwa na jina lake hata moja.

Yule mama wa maparachichi akachuchumaa mbele ya mtoto, akamfuta machozi kwa leso, akamuuliza kwa upole, "Mami, unaitwa nani?"

Mtoto akavuta kamasi. "Nasimiyu."

"Si Shantel?"

Akatikisa kichwa.

Lile "Aaaa!" lililotoka kwa watu sitalisahau. Lilikuwa sauti ya watu walioridhika. Nikaona mkono mmoja unainama chini unaokota jiwe, nikaona mwingine, na nikafanya jambo pekee nililoweza, nikapiga magoti nikamfunika mtoto kwa mwili wangu, maana tulikuwa tumegandana na jiwe halina macho. Niliwaza Imani na Trevor wamefungiwa nyumbani. Niliomba, lakini maneno hayakukamilika.

Ndipo pikipiki ikaja kwa kasi na mwanamke akaruka kabla haijasimama. Imani, kumbe, alikuwa amempa habari zangu hivi: "Baba amekimbia na yeye, mkono wake ulikuwa mwekundu." Yule mama alipasua umati, na kitu cha kwanza alichofanya ni kunizaba kofi lililofanya masikio yalie. Watu wakasogea. Ilionekana hiyo ndiyo ruhusa waliyokuwa wakiingoja.

Lakini mtoto akamdaka mama yake gauni kwa mkono ulio huru na kusema, kwa Kiswahili sasa, wazi kabisa, "Mama, tulikuwa tunatengeneza moyo."

Yule mama akainama. Akaushika mkono wa mtoto, akaugeuza, akaona wangu umeshikana nao na kipande chekundu katikati kinachungulia. Akanusa vidole vyake.

"Hii si damu," akasema. Halafu akawageukia wale watu, "Rudisheni hayo mawe. Mnataka kuua mtoto wangu?"

Mawe yalianguka moja moja. Mlango wa saluni ukafunguliwa, tukawekwa kwenye beseni, na dawa ya kucha ikamiminwa kidogo kidogo huku watu walewale waliokuwa na mawe wamejaa dirishani na simu zao. Mmoja akaniita Bwana Valentine, wakacheka, nami nikajitahidi kucheka, nikashindwa, meno yalikuwa yanagongana. Tulipoachana, ngozi ya kiganja changu ilibaki kwenye karatasi. Ya Nasimiyu ilikuwa nyekundu tu. Mama yake hakucheka hata mara moja. Alimfunga mtoto mgongoni kwa leso akaondoka bila kuniangalia.

Mke wangu aliniona kwenye simu ya mweka hazina wa chama kabla hajaniona nyumbani. Imani nilipomuuliza lile jina la Shantel alilitoa wapi, alinijibu, "Alikataa kuniambia jina, nikampea."

Kesho yake baada ya kanisa nilizunguka ploti nzima, mlango kwa mlango, nikiuliza majina kama karani wa sensa. Mlango wa mwisho nilibisha nikiwa na hofu kuliko pale steji. Alifungua nusu, Nasimiyu amejificha nyuma ya sketi yake. Nikamwomba radhi, nikamwambia nimekuja pia kuuliza jina lake.

"Naitwa Everlyne Nafula," akasema. "Ungeniuliza siku tulipokuwa tunashusha vitanda, Baba Imani. Ulikuwa umekaa hapo nje ukitutazama."

Ni kweli, nilikuwa nimekaa, na kikombe cha chai mkononi.

Kwa hivyo siku hizi lori la mpangaji likiingia getini mimi naacha kuchomelea, navua glavu, naenda kushika mguu wa kitanda. Na kabla sijauinua, nauliza jina.