Keateka wa Nyumba Yangu

Kwa mwaka mmoja na miezi minne nilikuwa keateka, yaani mtunzaji, wa nyumba yangu mwenyewe hapa mtaani Komarock, na kazi hiyo niliifanya vibaya.

Mambo yalianza pale kiwanda alichofanyia kazi mume wangu kilipofungwa. Cherehani yangu ya soko la Jericho iliweza kulisha watoto, lakini mkopo wa nyumba uliishinda. Tukafanya wanachofanya watu wa mtaa wetu wakiishiwa: tukanyamaza, tukapaka geti rangi mpya. Barua za benki nilizitia chini ya godoro nikazilalia. Ya tatu ilitaja mnada, na usingizi ukanihama.

Mama yangu ndiye aliyetuzindua. "Mficha uchi hazai," alisema. "Nendeni mkaseme." Tulikwenda benki tumevaa nguo za kanisani, tukitarajia kufokewa. Binti aliyetupokea alituuliza tu mbona tumechelewa kuja. Tungeweza kuiuza nyumba wenyewe kabla ya mnada, alisema, au turefushiwe muda wa kulipa. Na kama tuna mahali pa kujibanza, tuipangishe, kodi ilipe mkopo. Kuuza nilikataa hata hajamaliza kusema. Tukachukua hayo mengine, tukahamia ekstensheni, vile vyumba viwili vya nyuma tulivyokuwa tumewajengea wapangaji.

Sasa, huku mitaa yetu ya Eastlands mwenye nyumba hukaa mbele, mpangaji hukaa nyuma. Mimi nililelewa nyuma, kule Jericho, na niliapa sitarudi. Basi mpangaji aliyeingia nyumba ya mbele, nesi mwenye mabinti wawili, aliponiuliza mwenye nyumba ni nani, kiburi kilinijibia.

"Yuko ng'ambo. Mimi ni keateka tu."

"Na mimi je, ni nani?" mume wangu aliniuliza baadaye.

"Mume wa keateka. Shika ufagio."

Bomba la jikoni lilipovuja wiki ile ya kwanza, nesi aliniambia, "Hebu mpigie mwenye nyumba." Nilikwenda nyuma ya tangi la maji, nikahesabu hadi hamsini, nikarudi. "Amekubali, fundi anakuja." Alipotaka kupigilia misumari ukutani nilirudi nimekunja uso: "Amekataa kabisa. Ni mtu mkali." Nilianza hata kumchukia kidogo huyo mwenye nyumba.

Kisha zamu yangu ya kukaribisha chama chetu cha akiba ikafika. Wanawake kumi na wawili, hakuna hata mmoja aliyejua tulikuwa tumehama, na ekstensheni inakalisha wanne kwa kubanana magoti. Nesi alinikuta uani nikimenya viazi huku machozi yananitoka, nikamwambia wageni ni wengi na nafasi sina.

"Tumia sitting room yangu, mama," alisema. "Mwenye nyumba yuko mbali, atajuaje?"

Wenzangu walikuja, wakasifu makochi: "Ai, umebadilisha viti na hata hukutuambia!" Nesi aliwapa chai bila kusema neno, nao walimdhania binamu yangu. Yote yalikwenda vizuri hadi mwenyekiti aliposimama kuomba. Mungu aibariki nyumba hii, alisema kwa sauti kubwa, na huyu mama aliyeijenga kwa jasho lake. Nilifumbua jicho moja. Nesi alikuwa mlangoni na trei yake, ameinamisha kichwa, na nilitamani sakafu inimeze.

Walipoondoka tulibaki jikoni na vyombo. Nilianza kukiri, naye akacheka.

"Nilijua kutoka wiki ya kwanza, mama. Ile siku ya bomba, ulienda huko nyuma ya tangi kumpigia landlord. Simu yako ilikuwa kwangu ikichaji."

Niliona haya hadi masikio yakawaka. "Mbona hukuniambia?"

Alisuuza kikombe kimoja, akakisuuza tena.

"Mimi pia nilikuwa na nyumba. Barua za benki nilizificha kwa kabati, nikawa naambia watu niko sawa. Ilienda kwa mnada na mapazia yangu bado yako kwa dirisha."

Nilimpokonya kile kikombe, maana kilikuwa kimeshatakata.

"Sasa unajua kwa nini kodi yako sijawahi kuchelewesha hata siku moja," akasema. "Nilijua inaenda wapi."