Calcium reactor ao dosing ya mukono? Ya kwetu ku base ya Kamina ilikula gazi ya kuzima moto

Wakuu, jambo yenu bote.

Hii nitasema niliiona na macho yangu, hakuna muntu alinihadisia. Kama unatafuta uwongo, pita, kuko uzi zingine.

Kijana mumoja ameuliza hapa: kwa aquarium ya matumbawe anunue calcium reactor, ao aendelee na dosing ya mukono? Mukamujibu mingi, mupaka na picha. Sawa.

Lakini mumoja wenu akaandika: "Reactor ni rahisi, chukua tu CO2 ya ile chupa ya kuzima moto ya ofisi, hakuna anaiangalia." Na bantu bakamupa like!

Chai yangu ikapoa hapa mezani. Nilitaka kutukana. Bibi yangu akasema, usitukane, hadisia. Basi nahadisia.

Minyi ni muzee wa Kamina, Haut-Lomami. Nilisoma primaire tu, na haikuisha, munisamehe maandishi. Ila hii mambo ya kalsiamu niliifanya na mikono hii, miaka ya tisini, wakati vita ilikuwa inakuya kutoka mashariki na kila siku redio inataja muji ingine imeanguka.

Nilikuwa boy ku nyumba ya Komanda mumoja wa base. Jina sitaji, batoto yake bazima na habana kosa. Boy maana yake kupika, kufua, kupiga pasi, na kuangalia aquarium.

Ndiyo, aquarium ya maji ya chumvi, Kamina! Shiye bahari hatuijui. Chumvi ilikuwa inakuya na ndege ya jeshi, mu mifuko, na ile majiwe yenye uhai pia, njo matumbawe, mu masanduku ya maji. Basoda, askari ya base, habapati mushahara. Babibi yao banauza mikate na samaki ya kukausha ya Malemba-Nkulu kusudi batoto bakule. Na ndege inashusha chumvi ya samaki ya kuangalia.

Hao babibi balikuwa banakuya kuchungulia ku dirisha. Mumoja, bibi ya sergent, mutu wa Equateur mwenye mudomo mukali, akaniuliza:

"Papa Numbi, hii ya manjano inakulwa na bukari ao na muchele?"

"Haikulwi, mama. Ni ya kuangalia."

"Ya kuangalia! Basi shiye njo tunakulwa."

Tulicheka. Narudi ku uzi.

Matumbawe inajenga mifupa. Kila siku inavuta kalsiamu mu maji, kama vile kuku inatafuta ya kufanya ganda ya yai. Usiporudisha, inasimama kukomaa, rangi inafifia, inakufa.

Ya kwanza tulikuwa tunarudisha na mukono. Natia chokaa safi mu ndoo ya maji, nakoroga, nafunika, naacha itulie. Nyeupe inabaki chini. Maji ya juu, ile inaonekana kama haina kitu, njo nilikuwa natia mu chupa ya serum ya dispensaire na mupira yake, itone moja moja mu aquarium.

Pole pole, wakuu! Siku moja nilifungua sana. Maji ikakuwa kama maziwa, majiwe ikajifunga yote, Madame, bibi ya Komanda, akalia kama amefiwa. Kwa hiyo muntu asiseme Papa Numbi anasifu mukono. Mukono inachoka. Mukono inasahau.

Kisha Komanda akarudi safari ya Ulaya na mashine. Njo reactor yenyewe. Bomba ya plastiki nene, imejaa mawe ya chokaa ya kuvunjwa. Unaingiza maji ya aquarium, unaingiza gazi ya CO2. Maji inakuwa kali kama ndimu, inakula yale mawe, inarudi mu aquarium na kalsiamu ndani. Hakuna ndoo, hakuna kukoroga. Na ilifanya kazi! Majiwe ilichipuka, ya zambarau ikakuwa zambarau ya kweli. Mashine haikuwa na kosa. Munisikie muzuri: mashine haikuwa na kosa.

Sasa gazi. Ulaya unaenda ku duka. Kamina, vita ile, treni inakuya siku inataka, utaenda wapi? Chupa yenye ilikuya na mashine, kitabu ilisema itaishi miezi. Ikaisha haraka sana. Ilikuwa inavuja ku kiungo, pale mupira inaingia. Wala Komanda, wala minyi, hatukujua kupaka sabuni ili kuona povu. Nilijifunza hiyo nyuma, wakati haina faida tena.

Komanda akaniambia: "Leta pusupusu, tuende ku hangar."

Ku hangar kulikuwa Banza. Banza ni shemeji yangu, bwana ya dada yangu Ngoie. Alikuwa soda, kazi yake moto: mifuko ya muchanga, bashi ya kufunikia moto, na zile chupa nyekundu za CO2 zimefungwa ku ukuta. Kila moja aliandika namba ya hangar na rangi nyeupe. Alikuwa anazipangusa kama vile mwingine anapangusa viatu ya misa. Tulikuwa tunamucheka.

Akasimama mbele ya chupa.

"Komanda, hii ni ya moto."

"Moto iko wapi? Unaiona?"

"Hapana, Komanda."

"Basi toka hapo."

Akatoka. Mungefanya nini? Njo jeshi.

Tukachukua. Ikiisha, Komanda anasema rudisha ile tupu mahali pake, ukuta usikuwe na pengo, leta ingine. Minyi njo nilikuwa nasukuma pusupusu. Banza alienda kulalamika ku bakubwa yake, bakamuambia funga mudomo. Mupaka siku moja ukuta yote ilikuwa nyekundu, muzuri, na ndani ya zile chupa hakuna kitu.

Moto ikawaka saa ya kukula bukari, ugali ya kwetu, wakati wa kiangazi. Balikuwa banatoa essence, njo petroli, mu pipa, banaingiza mu camion, cheche ikatoka sijui wapi. Nilisikia kishindo toka jikoni ya Komanda, nikakimbia.

Nikamuona Banza amevuta chupa ya kwanza. Alijua ni tupu! Lakini mutu mwenye moto mbele yake anajaribu tu. Ikatoa sauti kidogo kama muntu anapuliza chai. Akaitupa. Ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile.

Kisha akachukua bashi na muchanga, na mikono.

Nyuma ya hangar kulikuwa majiko ya majani ya familia ya basoda. Ikashika zote, mupaka nyumba. Bamama banakuya na mabeseni ya maji, na maji juu ya essence inapeleka moto mbele tu, Banza analia "Muchanga! Leteni muchanga!" Hakukufa muntu, Mungu asifiwe. Nyumba ya yule bibi ya sergent iliisha yote, alibaki na nguo ya mwili na beseni. Na Banza mikono yake, ngozi ilitoka kama gloves. Sitaeleza zaidi.

Muda huo wote samaki ilikuwa inaogelea.

Kesho yake, mbele ya basoda bote, Komanda akasema: "Banza aliuza gazi ya base. Ni saboteur. Anafanyia adui kazi."

Wakuu, mweye batoto ya leo hamujui hiyo neno. Wakati wa vita, saboteur maana yake risasi. Bakamufunga ku cachot na ile mikono yake. Ngoie akapeleka maji, bakamusukuma. Tukaambiwa Major mumoja atakuya na ndege toka Lubumbashi kumuchukua. Benye banachukuliwa vile habarudi.

Siku Major anafika, Komanda akavaa vizuri akaenda ku uwanja wa ndege. Minyi nikafunga gazi, nikafungua chupa yenye ilikuwa imefungwa ku mashine. Nyekundu, namba ya hangar juu yake, mwandiko ya Banza.

Madame akatoka chumbani.

"Papa Numbi, unaenda wapi na hiyo?"

"Naenda kuirudisha, Madame."

"Majiwe yangu itakufa!"

"Majiwe iko mu maji, Madame. Banza hana hata maji ya kunywa."

Nikaiweka ku bega, nikapita katikati ya camp. Ilikuwa nzito, hata kama gazi ilibaki kidogo. Bamama bakaanza kunifuata.

"Papa Numbi, unaenda kuzima nini?" yule bibi ya sergent akaita. "Yote imeshaungua!"

"Nyamaza, ufuate tu."

Basoda balikuwa mu mustari. Banza mbele, ameshika mikono mbele yake kama muntu anabeba sahani. Nikaweka chupa chini, ku miguu ya Major, mutu mufupi mwenye miwani nyeusi.

"Hii imetoka wapi?"

"Ku nyumba ya Komanda, chef. Ku aquarium."

"Samaki inazima moto?"

Basoda bakacheka. Nikasema hapana chef, haiko samaki, ni majiwe. Bakacheka zaidi.

Wakuu, nilisimama pale, mbele ya bunduki zote, nikaanza kueleza kalsiamu. Mifupa. Ganda ya yai. Maji kali inakula mawe. Nilisikia vile inatoka mu kinywa yangu, ilikuwa kama maneno ya mulevi, na Komanda akasema vilevile: "Boy yangu anakunywa sana." Ngoie alikuwa ananiangalia mudomo tu. Kama Major haelewi vile majiwe inatumia gazi, shemeji yangu anapanda ndege.

Nikasema: "Chef, usiniamini. Twende uone. Chupa hii itaingia ku mashine sawasawa."

Tukaenda ku nyumba ya Komanda, Major, Komanda mwenyewe na minyi. Nikafunga chupa. Ikaingia. Major akaangalia namba, akaangalia mashine, akaangalia Komanda. Komanda alikuwa anatoka jasho mupaka ku mukanda. Nikasema mu roho yangu, imeisha, Banza amepona.

Kisha Major akainama ku kioo. Akatoa miwani.

"Eh! Hii ya zambarau inapumua?"

"Inakula, Major," Komanda akasema, sauti ikaanza kumurudia. "Ukikaa kimya utaiona inafungua vidole."

"Na hii gazi inapita chokaa ya kutia na mukono kwa uzuri?"

"Ah, Major! Inapita mbali!"

Wakuu. Bakakaa. Madame akaleta bia. Bakazungumza reactor na dosing ya mukono, ipi inakomaza majiwe haraka, ipi inahangaisha, kama vile mweye munazungumza hapa. Major akauliza kama anaweza kupata moja ndogo ya nyumbani kwake. Na Banza amesimama ku jua na ile mikono.

Nikashindwa kuvumilia.

"Chef, na Banza?"

"Nani?"

Nani! Alikuya na ndege kwa ajili yake!

"Yule wa moto, chef."

"Ah. Huyo. Asamehewe."

Tukarudi. Major akasema na sauti kubwa kama Komanda, kwa roho yake muzuri, amemusamehe Banza. Basoda bakapiga mikono. Hata bamama benye baliunguliwa bakapiga! Kamusamehe nini? Alikosa nini? Ni nani alipaswa kuomba samahani pale?

Bakamuambia apige salute. Mukono haikupanda.

"Basi sema merci."

"Merci, Komanda," Banza akasema.

Na Komanda akamupiga-piga ku bega.

Njiani nilimugombeza, namuambia kweli. "Weye Banza! Merci ya nini? Merci kwa nani?"

Akasema: "Shemeji, niko na njaa. Acha nikule kwanza, kisha utanigombeza."

Ngoie akapika bukari. Vidole ya Banza haikukunja, akamulisha tonge kwa tonge kama mutoto, na minyi nimekaa pale, hasira imenijaa. Ku nyumba ya Komanda sikurudia tena. Majiwe ilibaki na nani, sijui, sikuuliza.

Sasa weye kijana wa swali. Reactor ni mashine muzuri, nunua kama muji yako iko na duka ya gazi, na gazi ununue yako. Paka sabuni ku viungo vyote kabla ya kuacha nyumba, ukiona povu, kaza. Kama gazi hakuna, chukua chokaa, mupira ya serum na uvumilivu, majiwe yako itaishi, itakomaa pole pole tu. Hiyo njo jibu yangu yote, sina ingine.

Na mweye mulitoa like ku ile comment, nendeni muondoe.

Haya, andikeni hapa chini, nitasoma yote, hata matusi. Ila mwenye kwao kuko muntu alisamehewa kosa hakufanya, na akaambiwa aseme merci, huyo aandike kwa urefu. Minyi nitamujibu.