Hodi Katika Nyumba ya Kumbukumbu

Juma lililopita nilikwenda kuitazama ile nyumba kongwe ya mjini ambayo serikali imeichukua iwe kumbukumbu. Mlango wa nakshi ulikuwa wazi, na mbele yake amesimama bibi mmoja wa buibui, anapiga hodi.

"Ingia tu, Bi," mlinzi akamwambia. "Ndani hamna mtu."

"Kama hamna mtu, nitaingiaje?"

"Nyumba ya serikali hii. Ya watu wote."

"Basi mmoja wao anikaribishe."

Mlinzi akajikuna kisogo. "Mimi nalinda tu, Bi. Si kwangu."

Bibi akanigeukia, akaonyesha ghorofani kwa kidevu. "Nimezaliwa pale juu. Mlango huu hauingiwi bila ya hodi. Wanawake lazima wapate nafasi ya kujisitiri."

Akapiga hodi ya pili. Mimi nikampita, nikaingia. Nikawa nashangaa kuta nene za mawe na chokaa, boriti za dari, na zidaka za ukutani, tupu, hazina hata kikombe. Nyuma yangu ikaja hodi ya tatu, ambayo isipoitikiwa mtu hurudi kwao. Mdomo wangu ukajibu wenyewe:

"Karibu!"

Akavua viatu, akaingia, akanitazama tangu kofia mpaka miguu.

"Ahsante, mwanangu. Na wewe kakukaribisha nani?"

Viatu vyangu bado nilikuwa nimevivaa.

Mpaka leo sielewi nyumba ile ni kwa nani. Anayejua aniambie, maana nataka kumwomba radhi mwenyewe.