Mumbere, Jezi Namba Tisa

Nikisikia jenereta ndogo ikikohoa nyuma ya nyumba, popote nilipo, na nimeishi pengi, akili inarudi Bwera, kwenye kibanda cha Papa Mbusa. Sijui kama ni mapenzi au ni mazoea ya masikio tu.

Tulifika Bwera, mji wa mpakani, tukitokea Katwe, mimi na baba na godoro letu, juu ya magunia ya chumvi. Safari ambayo watu huimaliza asubuhi moja ilituchukua siku nzima, maana lori lilipasuka tairi mara mbili na la akiba lilikuwa moja. Nilifika nikiwa na chumvi mpaka kwenye kope. Baba alitaka kuwauzia Wakongo chumvi moja kwa moja. Mimi, wa miaka kumi na mitatu, sikutaka chochote mpaka nilipokiona kile kibanda.

Papa Mbusa alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, mwenye televisheni mbili na mashine mbili za kuchezea mpira kwenye kioo, zote zikiendeshwa na jenereta. Katika ya kwanza wachezaji walikuwa na vichwa kama maboga, mpira uliwaka moto na mwamuzi hakuwepo. Ukimkumba mtu aliruka juu, nyota zikamzunguka kichwani, kisha akasimama na kuendelea kukimbia. Ya pili tuliiita ya kweli. Humo watu walichoka, waliotea, walipewa kadi nyekundu. Aliyeumia alitolewa kwa machela na kukosa mechi kadhaa, na mashine haikusahau hata ikizimwa.

Mimi nilikuwa mtu wa ile ya kweli. Kambale alikuwa mtu wa maboga.

Alikuwa rika langu, amevuka mpaka na mama yake wakikimbia vita upande wa Beni. Kwetu Wakonzo, na kwao Wanande, jina linasema umezaliwa wa ngapi. Mimi ni Baluku, kifungua mimba. Kwao wa kwanza huweza kuitwa Mumbere, na Kambale ni mvulana wa pili. Basi kila aliyelisikia jina lake, hata muuza ndizi, aliuliza hapo hapo, "Na Mumbere wenu?" Mumbere, mkubwa wake, walipotezana naye njiani siku ya kukimbia.

"Anakuya," Kambale alijibu. Kila mara jibu hilo hilo, kwamba yuko njiani.

Tulibishana sana juu ya zile mashine. Nilimwambia yake ni ya watoto wanaonyonya. "Na yako?" alisema. "Batu banachoka kama beko shambani. Mutu akianguka haamukake. Iko mupira gani?"

Jumamosi moja nilimshawishi kwa kumwonyesha kwamba kwenye ya kweli unaweza kuwaandika wachezaji majina. Timu yake tuliiandika kwa mpangilio wa kuzaliwa, kama ilivyo desturi. Majina yalipoisha tulianza upya, kana kwamba timu ina mama wawili. Ila Kambale alikataa Mumbere awe zaidi ya mmoja. Alimpa jezi namba tisa.

Mumbere akafunga. Kambale akapanda juu ya benchi akipiga kelele. Mimi sikuzoea kufungwa na watu wa maboga, nikamtuma beki wangu amvamie Mumbere kwa miguu yote miwili. Machela ikaingia.

"Muamushe," Kambale alisema.

"Haamki. Hii iko ya kweli. Mtu akivunjika amevunjika."

"Baluku, muamushe!"

"Mimi si daktari," nikasema, na kibanda kizima kikacheka.

Papa Mbusa hakucheka. "Weye mukubwa kwenu," aliniambia, "na akili iko wapi?"

Mashine iliandika: nje mechi tano. Kambale aliweka chini kidude cha kuchezea, taratibu, akatoka. Kwa wiki tatu sikumkuta tena pale. Nilidhani amenuna.

Kisha baba alinitafutia shule ya sekondari Kasese. Siku ya kuondoka nilipita kibandani asubuhi kuaga, nikamkuta Kambale peke yake mbele ya ile ya kweli. Papa Mbusa aliniambia huja mapema, kabla yetu, kila akipata pesa ya mechi moja, anacheza bila Mumbere. "Banamufungaka sita, saba. Anakatala kuacha."

Mechi ya tano iliisha nikiwa nimesimama hapo. Alifungwa manne. Akafungua orodha ya wachezaji, na alama nyekundu ya majeruhi kwenye jina la Mumbere haikuwepo tena. Akamrudisha kwenye namba tisa.

"Unaona?" alisema bila kugeuka. "Amekuya."

"Kwa hiyo umekubali ya kweli ni bora," nikasema.

"Ndiyo, Baluku. Iko bora."

Nilifurahi kushinda ubishi. Imenichukua miaka na miji mingi kuelewa kwamba yeye hakuwa kwenye ubishi ule. Kwenye maboga hakuna wa kumngojea, kwa sababu wote huinuka. Kwenye ile nyingine aliweza kungoja, na kungoja kwenyewe kulikuwa kufungwa mechi tano na bado kuanza inayofuata.

Sikumuuliza kama wamepata habari yoyote ya mkubwa wake. Dereva wa gari la Kasese alipiga honi, nikakimbia nisije nikaachwa, na sikuishi tena Bwera.