Nilivyozaliwa Tena Avenyu ya Kumi na Nne

Harufu ya oili chafu ya gari ikichanganyika na ya maandazi hunirudisha mtaa wa Buyenzi, hata niwe nimesimama wapi. Mafundi wa pale walilala chini ya magari tangu asubuhi, inaonekana miguu tu, na mimi nilikuwa na tabia ya kuisalimia ile miguu. Wengine waliitikia kwa kutikisa kidole gumba.

Tulifika pale mimi na Mama wakati wa vita, tumekimbia mtaa wetu wa Kinama na sufuria na blanketi. Bibi Mwajuma, Mwislamu wa siku nyingi pale mtaani, muuza maandazi, akatupa chumba cha uani. Kesho yake tu akaniita jikoni, akaanza kunifundisha mtaa, vile wengine wanavyofundishwa sala.

Alinieleza jinsi Wabelgiji walivyowahamisha watu kutoka karibu na ziwa, wakaja kwa miguu na mikeka kichwani, wengine asili yao Kongo, wengine Tanganyika, wakapimiwa viwanja. Alinieleza nani alichimba kisima, na wapi alikaa fundi cherehani aliyeshonea avenyu nzima kanzu za Iddi. Kila asubuhi alinihoji upya, mwiko mkononi.

"Pa kona ile kulikuwa nini?"

"Duka ya chumvi."

"Apana! Chumvi ilikuwa ngambo ya barabara. Pa kona ni fundi cherehani. Na we, umezaliwa wapi?"

"Kinama."

"Apana, mutoto wangu. Anza tena."

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Kisima sawa, cherehani sawa, lakini kuzaliwa kwangu si nilikuwa nakujua mwenyewe? Nikamtazama Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni, anitetee. Mama akaangalia chini. Basi nikajibu, "Hapa, avenyu ya kumi na nne," nikapewa andazi la kwanza, la moto mpaka nikalirusha mkono kwa mkono.

Siwezi kusema nilielewa. Nilipenda tu. Kichwa changu hakikuwahi kutulia, na zile habari za Bibi nikaziongezea za kwangu: mbwa, mvua, na mwanamke mmoja aliyehama na kuku mweupe kwapani.

Mama alifua nguo kwa watu wa mtaa wa Kinindo, na njiani vijana walikuwa wameweka kizuizi. Siku hizo jina la mtaa wako lilitosha kuwaambia wewe ni wa upande gani; Buyenzi tu, yenye watu wa kila asili, haikuwa na upande. Wapo waliotaja Kinama pale, na hawakurudi nyumbani. Mimi hayo sikuyajua. Siku moja Bibi aliamka na homa, Mama akakosa wa kuniachia, tukaenda wote.

"Mama, unatoka kartie gani?" kijana mmoja akauliza. Alivaa viatu vya mpira, kimoja chekundu, kingine cheusi.

"Buyenzi," Mama akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Buyenzi! Siku hizi kila mutu ni wa Buyenzi. Tuulize mutoto, mutoto hajui kudanganya." Akachuchumaa mbele yangu. "We, ulizaliwa wapi?"

Mama alinishika mkono mpaka vidole vikauma. Lakini mimi nilifurahi, kwa maana hatimaye kuna mtu ameniuliza kitu ninachokijua. Nikamwaga yote: avenyu, kisima, cherehani, chumvi ya ngambo. Sikupumua. Nikafika kwa watu wa mikeka.

"Na hao nao uliwaona?" akauliza.

"Niliwaona! Mama mumoja alikuwa na kuku mweupe."

Mwenzake aliyekaa juu ya tairi akaangua kicheko. "Wee! Huyu si mutoto, huyu ni nyanya yako!"

"Shikamoo, Bibi!" akasema yule wa viatu vya rangi mbili, machozi ya kicheko yakimtoka. "Pita, Bibi, pita na mutoto wako."

Tulipokata kona Mama aliketi ukingoni mwa mtaro. Alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio, bila hata kupumzika katikati.

"Nimekosea, Mama?"

"Apana. Umesema vizuri."

Nikabaki nimesimama, sijui kama nimsifu kuku wangu au nimlaumu.

Vita vilipotulia tulirudi Kinama kuangalia kiwanja chetu. Palikuwa na majani tu. Mama akanionyesha: hapa jiko, hapa ulianguka ukachana goti. Kovu ninalo. Kuanguka sikukumbuki. Sikumbuki ukuta, wala mlango, wala baba yangu akiingia kwa huo mlango.

Ndipo nilipoelewa Mama alikuwa anasikiliza nini zile asubuhi, amesimama mlangoni pa jiko la watu, binti yake akifundishwa kuzaliwa kwingine. Alijua kitakachofutika. Akanyamaza ili nibaki hai, na utoto wangu wa kwanza akaubeba peke yake.

Nilimwambia anionyeshe tena palipokuwa mlango. Akanishika mabega, akanigeuza kidogo.

"Apana, huku," akasema. "Haya, ingia."